Maswali ya Wasomaji: Kishikwambi cha Kusomea Nota Jukwaani

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: wanamuziki wamechoka na mafaili ya karatasi, wanataka kishikwambi, na fedha ni kidogo. Nimeanza na barua ya mzee mmoja kwa sababu swali lake limebeba maswali ya wengi.

SWALI: Mwalimu, salamu nyingi. Nina miaka 61 na bado nasindikiza kwaya kwa kinanda. Faili langu la nyimbo limekuwa zito, na mara nyingine karatasi hudondoka ninapofunua ukurasa katikati ya wimbo. Vijana wa kwaya wananihimiza ninunue kishikwambi. Mmoja anasema nichukue cha Android cha inchi 10 kwa kuwa ni nafuu, mwingine anasema kama si iPad nisijisumbue. Macho yangu si yale ya zamani na mfuko wangu ni mdogo. Nichukue kipi? – Mzee wa Kinanda

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Vijana wako wanabishana kuhusu jina la kampuni. Wewe tafuta kwanza kujua nota zitakuwa na ukubwa gani zikishaingia kwenye kioo, nawe ukiwa umekaa mbele ya kinanda pale unapokaa siku zote. Ukishalijua hilo, machaguo yaliyobaki ni machache na ni mepesi.

Inchi zinazotajwa na wauzaji hupimwa kwa mshazari, kona hadi kona. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297, kwa hiyo mshazari wake ni inchi 14 na kidogo. Vishikwambi vya bei nafuu havifiki huko, maana yake ni lazima ukurasa upungue. iPad ya inchi 10.2 ina kioo cha milimita 155 kwa 207 hivi, na ukurasa mzima wa A4 ukiingia humo unashuka hadi asilimia 70. Cha Android cha inchi 10.1 kwa kawaida ni chembamba na kirefu, upana wake ni milimita 136. Humo ukurasa unashuka hadi asilimia 65, na juu na chini unabaki weusi usio na kazi.

Sasa, kabla hujatoa fedha yoyote, fanya jaribio hili. Chagua ukurasa unaokutesa kuliko kurasa zako zote, ule wenye nota zilizobanana na maneno madogo. Upeleke kwenye mashine ya fotokopi, wakutolee kopi iliyopunguzwa hadi asilimia 70. Mashine nyingi zina kitufe cha kupunguza A4 kuwa A5, nacho hutoa asilimia 71, kwa hiyo mhudumu hatakuwa na kazi ngumu. Iweke kopi hiyo kwenye kinanda, vaa miwani unayovaa ukipiga, kisha upige wimbo wote kwa mwendo wake. Usiishie kuutazama tu. Mtu akitulia anaweza kusoma maandishi madogo sana, lakini mikono ikiwa kazini na jicho moja likiwa kwa kiongozi wa kwaya, mambo ni mengine kabisa. Ukipita bila kukunja uso, inchi 10 zitakutosha na utakuwa umeokoa fedha nyingi. Ukikwama, umepata jibu kwa gharama ya kopi moja.

Nakuambia mapema kwamba naona utakwama, na sababu si umri peke yake. Sisi tunaosindikiza kwaya tunasoma kurasa ngumu kuliko wenzetu. Mpiga fidla ana mstari mmoja wa nota. Wewe una soprano, alto, tena na besi, kila sauti na mistari yake mitano, halafu chini yake mistari ya mkono wa kulia na wa kushoto. Ili haya yote yaenee ukurasani, mchapaji alikuwa ameshayapunguza tangu kwenye karatasi. Ukiyapunguza tena, alama ya kushusha nota na ile ya kuirudisha asili zinaanza kufanana. Isitoshe, miwani ya kusomea kwa kawaida hupimwa kwa umbali wa sentimita 40 hivi, umbali wa kitabu mkononi, ilhali nota za kinanda hukaa mbali zaidi ya hapo. Ukienda kwa daktari wa macho, pima umbali wa kutoka jichoni hadi kwenye nota zako, mpelekee hicho kipimo, akutengenezee miwani ya umbali huo. Nawahimiza wapiga vinanda wote wafanye hivi, wawe na kishikwambi au wasiwe nacho.

Kuna njia ya kurudisha sehemu ya ukubwa uliopotea bila kununua chochote, nayo ni kukata pembizo. Ukurasa wa A4 una nafasi tupu pande zote nne. Ukiziondoa pembizo hizo, muziki wenyewe mara nyingi unachukua milimita 175 kwa 260 hivi. Programu za kusomea nota zinakuruhusu kukata nafasi hiyo tupu mara moja kwa kila wimbo, na hapo hesabu inabadilika. Ile Android ya inchi 10.1 inapanda hadi asilimia 78. iPad ya 10.2 inafika 80. Unaona jinsi pengo kati yao lilivyokaribia kufutika? Android ya inchi 11 ya umbo lilelile refu, yenye upana wa milimita 148, inafika asilimia 85 na kuipita iPad ya 10.2. Kwa hiyo kijana anayekuambia bila iPad usijisumbue, mwambie akate pembizo kwanza.

Kwako wewe, mzee wangu, ningetafuta kioo cha inchi 12 na zaidi, kilichotumika. iPad Pro ya inchi 12.9 ilianza kuuzwa mwaka 2015, na kioo chake kina milimita 197 kwa 262. Ukikata pembizo, nota zinakaa kwa ukubwa uleule wa karatasi. Ile ya 2015 na iliyoifuata ya 2017 zimeshakuwa za zamani machoni pa wapenda vitu vipya, kwa hiyo bei yake imeshuka sana ukilinganisha na mpya, ilhali kazi ya kuonyesha ukurasa wa nota haijaongezeka ugumu tangu wakati huo. Upande wa Android, zipo Samsung za inchi 12.4, na kwa pembizo zilizokatwa zinakupa asilimia 95. Wengi husahau Surface Pro za Microsoft zenye kioo cha inchi 12.3. Umbo lake ni pana kidogo kuliko Android na linalingana na ukurasa wa nota vizuri ajabu, karibu asilimia 100. Ila hiyo ni kompyuta ya Windows. Betri yake ikizeeka huisha haraka, na zile za zamani kama Surface Pro 4 zinatumia Windows 10 ambayo Microsoft iliacha kuihudumia rasmi Oktoba 2025. Ukiipata kwa bei nzuri, ifanye chombo cha nota tu, usiiweke kwenye intaneti ovyo.

Mwendo wa prosesa usikuhangaishe, wala kamera, wala spika nne. Hifadhi nayo usiilipie zaidi. Ukurasa ulioskaniwa vizuri hauzidi nusu megabaiti, kwa hiyo nyimbo elfu moja za kurasa nne nne zinakaa ndani ya gigabaiti 2. Kishikwambi cha gigabaiti 32 kinabeba nyimbo nyingi kuliko utakazopiga maishani. Ninachokataa ni RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 2 kwenye Android mpya. Hapo ukurasa hufunuka kwa kusitasita, na kusitasita huko hutokea mahali ambapo muziki hausubiri.

Fedha utakayookoa kwa kununua kilichotumika, tenga sehemu yake kwa ajili ya pedali ya kufunulia kurasa. Pedali hizi huungana na kishikwambi kwa Bluetooth, na kishikwambi huziona kama kibodi ndogo yenye vitufe viwili, cha kwenda mbele na cha kurudi nyuma. Ndiyo maana pedali moja hufanya kazi na iPad, Android na Windows bila ugomvi. AirTurn na PageFlip ni majina yanayojulikana, na zipo za bei ya chini zinazofanya kazi hiyohiyo. Sikiliza jambo moja tu kabla ya kulipa: ikanyage dukani uone inapiga kelele gani. Pedali inayotoa mlio wa "ka" kila ikikanyagwa itasikika hadi viti vya nyuma kwenye wimbo wa polepole.

Mwisho ni programu. Kwa iPad wengi wetu tunatumia forScore, ambayo ni ya vifaa vya Apple pekee. Kwa Android na Windows ipo MobileSheets. Zote mbili zinakata pembizo, zinapanga orodha ya nyimbo za siku kwa mfuatano wake, zinapokea pedali na zinakuruhusu kuandika alama juu ya nota. Kitu kimoja ndani yake nakusihi ukitumie tangu siku ya kwanza: kufunua nusu ukurasa. Ukikanyaga pedali, nusu ya juu inaonyesha ukurasa unaokuja na nusu ya chini inabaki na ule unaoumalizia. Unaweza kukanyaga ukiwa bado na mistari miwili ya kupiga, na jicho likifika chini, juu tayari pako tayari. Mtu akilizoea hilo, hatari ya kufunua ukurasa inakuwa imekwisha.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa fidla. Rafiki wa dada yangu anauza iPad Air ya mwaka 2013 kwa bei ya chini sana, anasema ni nzima kabisa. Niinunue kwa ajili ya nota? Na nikague nini? – Binti wa Fidla

JIBU: Marahaba binti yangu. Kwa kuwa unasoma mstari mmoja, kioo cha inchi 9.7 kinakufaa. Tatizo liko kwingine. iPad Air ya 2013 iliishia kwenye mfumo wa uendeshaji wa iOS 12, na programu nyingi za sasa hazikubali tena kuingia humo. Unaweza kukuta kifaa ni kizima kweli lakini huna cha kuweka ndani yake. Muulize muuzaji kama ni Air ya kwanza au Air 2 ya mwaka 2014, kwa sababu hiyo ya pili ilifika iPadOS 15 (jina la sasa la mfumo huo kwenye iPad) na ina nafasi kubwa zaidi ya kukubali programu. iPad ya kawaida ya 2018 ilifika iPadOS 17 na ndiyo ya kwanza katika iPad za kawaida kukubali kalamu ya Apple. Kama unaweza kungoja ukaongeza akiba hadi hiyo, ngoja. Kwa vyovyote, fungua duka la programu kwenye kifaa hichohicho, tafuta programu unayoitaka, uone kama inakubali kuingia. Ifanye kabla fedha haijatoka mkononi mwako.

Ukaguzi mkubwa kuliko wote ni wa akaunti. iPad iliyofungwa na akaunti ya mwenyewe wa zamani haifunguki, na kwa kazi yako haina thamani yoyote hata ikiwa inang'aa kama mpya. Usipokee maelezo ya "nitakutumia neno la siri baadaye". Muuzaji atoke kwenye akaunti yake mbele yako, azime huduma ya kutafuta kifaa kilichopotea, afute kila kitu, kisha uiwashe wewe mwenyewe tangu mwanzo hadi uione skrini ya nyumbani. Ikikudai barua pepe ya mtu mwingine, mrudishie. Android nazo zina kufuli kama hilo la akaunti ya Google, ziangalie vivyo hivyo.

Halafu ilaze juu ya meza iliyonyooka, mgongo chini. Ikiyumba, au ukiona kioo kimeinuka upande mmoja, betri imevimba. Usiinunue na usiikubali hata bure. Fungua ukurasa mweupe mtupu, ongeza mwangaza wote, utazame madoa na sehemu zilizobadilika kuwa njano, kwa sababu nota hukaa juu ya weupe na kila doa litaonekana kama nota. Shika alama ya programu moja kwa kidole, iburute polepole kioo kizima, kona zote. Ikidondoka mahali palepale kila mara, hapo mguso umekufa. Mwisho iache iwake kwa mwangaza wa juu wakati mnazungumza bei. Kama ndani ya nusu saa imepoteza robo ya chaji, tamasha la saa mbili haitalimaliza, na gharama ya betri mpya uiondoe kwenye bei.

Na kalamu ya kuwekea alama za upinde si lazima ununue ya gharama. Kidole kinatosha kuzungushia mahali pa hatari. Kwa alama ndogo, kuza ukurasa kwanza ndipo uandike.

SWALI: Mwalimu, bendi yetu ya vyombo vya kupuliza hupiga sana nje, mchana. Tumejaribu vishikwambi viwili vya wenzetu: kimoja hatukuona kitu juani, kingine kilijizima chenyewe katikati ya onyesho. Je, kuna aina inayohimili jua? – Mpiga Tarumbeta

JIBU: Ndugu yangu, hayo ni matatizo mawili na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni mwangaza. Hupimwa kwa niti, na vishikwambi vingi vya bei ya chini viko kati ya 300 na 400, iPad za kawaida ziko karibu na 500. Ndani ya ukumbi hizo zote ni nyingi mno, utapunguza mwenyewe. Juani hazitoshi. Plastiki ya juu isiyong'aa husaidia kuondoa taswira ya uso wako na ya anga kwenye kioo, kwa hiyo iweke. Na wenzako waulize wamevaa miwani gani ya jua. Miwani yenye vioo vya polaraidi inaweza kugeuza skrini kuwa nyeusi kabisa ukiitazama kwa pembe fulani, na mtu akadhani kifaa kimekufa. Geuza kishikwambi robo mzunguko, uone kama picha inarudi. Ikirudi, tatizo ni miwani.

La pili ni joto. Apple yenyewe inasema iPad itumike kwenye hewa ya nyuzi joto 0 hadi 35. Kifaa kilicholazwa juani kwa kava jeusi kinapita hapo hata kama hewa ni nyuzi 28 tu, nacho hujipunguza mwangaza, kisha hujizima ili kuilinda betri. Toa kava mgongoni hewa ipite, usikichaji wakati wa kupiga, na kati ya wimbo na wimbo kifunike kwa kitambaa cheupe. Kuliko vyote, tafuta kivuli. Mwandalizi wa onyesho akikuuliza mnahitaji nini, jambo la kwanza liwe hema.

Vipo vifaa vya wino wa kielektroniki, vyenye kioo cha inchi 13.3, ambavyo juani husomeka kama karatasi na havichoshi macho. Navipenda kwa dhati. Lakini bei yake iko juu kuliko ya iPad nyingi, ukurasa hubadilika polepole zaidi, na vingi vinataka taa usiku. Kwa bendi yenye mfuko wenu, pigeni kwa karatasi nje na mtumie vishikwambi ndani. Bendi inayotembea ikipiga haina haja ya kioo cha inchi 12 mbele ya tarumbeta.

Nisisahau stendi ya kuwekea nota. iPad Pro ya inchi 12.9 ya mwaka 2015 ina gramu 713, uzito unaokaa juu kabisa ya ile mikono ya waya. Stendi nyepesi ya kukunja hupinduka kwa upepo mdogo. Tafuteni yenye bamba zima na miguu mipana, na mguu mmoja uelekee upande unaoegemea kishikwambi.

SWALI: Nimeanza kupiga picha vitabu vyangu vya nota kwa simu ili niviweke kwenye kishikwambi. Kurasa zinafunguka polepole na zina kivuli. Pia kiongozi wetu anataka nimtumie kila mwimbaji kwenye kundi la WhatsApp. Ni sawa? – Katibu wa Kwaya

JIBU: Dada katibu, polepole hiyo inatokana na picha za rangi. Ukurasa wa A4 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi una pikseli 2480 kwa 3508. Ukiwa wa rangi, kishikwambi hubeba megabaiti 26 kichwani, yaani kwenye RAM, ili kukuonyesha ukurasa mmoja. Ukiwa mweusi na mweupe tupu, hubeba megabaiti 1 na kidogo. Acha kamera ya kawaida. Tumia skana iliyo ndani ya programu ya Notes ya iPhone au ya Google Drive kwenye Android, chagua nyeusi na nyeupe, hifadhi kama PDF. Kitabu kikae karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni mwako na si mgongoni, kivuli cha mkono wako kitaondoka.

Kuhusu kusambaza, hapana. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unalinda kazi ya mtunzi kwa angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeweka 70. Bach aliyefariki 1750 au Handel aliyefariki 1759 hawana tatizo, na kazi zao utazipata kihalali kwenye IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2006. Lakini mtunzi aliye hai, anayeuza nakala zake moja moja, huyo mnamnyang'anya riziki kwa kubonyeza mara moja. Hata mpangilio mpya wa wimbo wa kale una haki zake. Mwandikieni mtunzi, mwambieni mko waimbaji wangapi, muulize bei ya nakala za PDF kwa kwaya nzima. Watunzi wengi hufurahi kuulizwa. Nakala uliyonunua, sheria za nchi hutofautiana kuhusu kuiskani kwa matumizi yako mwenyewe, na mwenye kutoa ruhusa ni mchapishaji.

SWALI: Mwalimu, nina kishikwambi na pedali, lakini naogopa kuvitumia jukwaani. Vikigoma je? – Mwoga wa Jukwaa

JIBU: Mwanangu, andaa mapema na hofu itapungua. Siku moja kabla, zima masasisho ya moja kwa moja. Ukifika ukumbini weka hali ya ndege, kisha washa Bluetooth peke yake, ili pedali ifanye kazi na simu ya shangazi isiingie juu ya nota zako. Zima kujifunga kwa skrini na zima mwangaza unaojirekebisha wenyewe. Kwenye iPad kuna huduma ya kukifungia kifaa ndani ya programu moja, na Android inabandika programu kwenye skrini. Itumie, kidole kisije kukutoa kwenye wimbo. Ukiiwasha pedali kwa mara ya kwanza siku hiyo, kanyaga mbele na nyuma mara kadhaa kabla watu hawajaingia, kwa sababu pedali nyingi hulala zisipoguswa kwa muda, na mkanyago wa kwanza baada ya usingizi hupotea.

Pedali ikigoma kabisa, gusa ukingo wa kulia wa kioo kwa kidole, ukurasa utafunuka. Fanya mazoezi ya kugusa huko nyumbani, kwenye zile sehemu ambazo mkono mmoja uko huru. Na kwa onyesho lako la kwanza weka karatasi za nyimbo zote nyuma ya kishikwambi, kwenye stendi hiyohiyo, kwa mfuatano uleule wa programu.